Mwenyekiti pamoja na wajumbe: was au were?

Swali: Mimi ni katibu wa ofisi, naandika mihtasari ya vikao kwa Kiingereza. Bosi mpya amenizungushia kalamu nyekundu sentensi tatu. Ya kwanza: "The chairman together with two members were absent." Ya pili: "Neither the accountant nor the drivers has signed." Ya tatu: "The secretary and treasurer have resigned." Anasema zote zina kosa kwenye kitenzi. Lakini mwenyekiti na wajumbe wawili si ni watu watatu? Wingi unakosaje? Naomba sababu, kanuni za kukariri nimezichoka.

Jibu: Dada, bosi wako amepatia mbili. Kwenye sentensi ya kwanza kitenzi ni "was", na kwenye ya pili ni "have". Ya tatu hawezi kuihukumu mtu asiyewajua viongozi wenu. Kama katibu na mweka hazina ni mtu mmoja mwenye vyeo viwili, ni "has". Kama ni wawili, "have" yako iko sawa, ila umeruka neno moja dogo, nitalifikia.

Hoja yako ya watu watatu ina akili, na ndiyo inayowaponza wengi wetu tunaoandika Kiingereza tukiwa tunafikiri kwa Kiswahili. Mzizi wake ni "na". Kwetu neno hilo linafanya kazi mbili bila kubadili nguo: "Juma na Asha wamefika", na pia "Juma amefika na Asha". Kiingereza kimezigawa. "And" inaongeza mtu kwenye kiima, "with" haiongezi. Inamtaja tu kando, kama mtu aliyemsindikiza mwenzake mpaka mlangoni. Kundi la "with" ni kubwa: "together with", "along with", "as well as", "in addition to", "accompanied by", "including". Yote hayo yanaleta habari ya pembeni, na kitenzi hakiyatazami.

Kwa hiyo kweli, watu watatu hawakuwepo. Lakini kitenzi cha Kiingereza hakikuhesabu mahudhurio. Kinaangalia nomino iliyokalia kiti cha kiima, na hapo amekaa "the chairman" peke yake. Njia ya kuhakiki ni kuchukua kalamu ya risasi na kufuta kuanzia "together with" mpaka karibu na kitenzi, kisha kusoma kilichobaki: "The chairman … absent." Hapo mkono wenyewe utaandika "was". Ukigeuza mpangilio, jibu linageuka nao: "The two members together with the chairman were absent." Watu ni walewale, ila sasa kiti kimekaliwa na wawili.

Kwa Kiswahili "Mwenyekiti pamoja na wajumbe wawili hawakuwepo" ni sentensi safi kabisa, na ndiyo maana sikio lako halikushtuka. "As well as" ndiyo yenye mtego zaidi, kwa sababu kamusi huitafsiri kama "pia" au "vilevile" na mtu akaichukua kuwa "and" ya heshima. Kwenye mazungumzo utawasikia hata Waingereza wakiiwekea wingi. Kwenye barua ya ofisi, ripoti na mtihani, shika umoja: "The headmaster as well as the teachers is in the hall." Anayejiandaa na mtihani wa Kidato cha Nne aikariri hiyo, maana maswali ya kuandika upya sentensi hupenda kukupa sentensi mbili fupi na kukuambia uziunge kwa "as well as".

Inasikika vibaya, najua. Dawa yake si kuvunja kanuni, ni kubadili kiunganishi. Andika "The chairman and two members were absent" na kila mtu atalala salama. Kwa mihtasari ningeshauri hivyo karibu kila mara. "Together with" mara nyingi huwekwa kwa ajili ya kupamba, na pambo hilo linakugharimu kufikiri kuhusu kitenzi.

Ajali nyingine ya "na" ileile ni "Tulienda sokoni na Asha". Mswahili anaweza kusema hivyo akiwa na maana ya mimi na Asha, watu wawili. Ukiandika "We went to the market with Asha", msomaji wa Kiingereza anahesabu watu watatu au zaidi: sisi, halafu Asha. Andika "Asha and I went". Na kwa wakati uliopo iwe "Asha and I are going". "Asha and I am" ni kosa linalotokea kwa sababu "I" imekaa jirani na kitenzi ikakivuta.

Huo mvuto wa jirani ndio chanzo cha pili cha makosa yetu, na wenyewe pia unatoka nyumbani. Kwa watu na wanyama Kiswahili hakitusumbui: "Juma na mbuzi wake wamefika." Shida inaanza vitu vya ngeli tofauti vinapounganishwa. Kitabu na kalamu vikipotea, shuleni utafundishwa kusema "vimepotea", lakini mtaani utasikia "kitabu na kalamu imepotea", kitenzi kikiwa kimefuata ngeli ya nomino ya mwisho. Vivyo hivyo "kiti na mguu wa meza umevunjika". Hilo kwetu linakubalika masikioni. Tatizo ni kulipeleka kwenye Kiingereza: "The chair and the table leg is broken." Kiingereza hakina ngeli za kugombania. "And" ikishaunganisha vitu viwili tofauti, ni wingi, basi: "are broken".

Kosa hili hujificha zaidi kwenye nomino za dhahania, zile zisizoshikika. "Honesty and hard work is required" imejaa kwenye matangazo ya kazi. Mwandishi hakuona wingi kwa sababu "honesty" haina "s" ya wingi mwishoni, wala "hard work". Lakini ni mambo mawili. "Honesty and hard work are required."

Sasa sentensi yako ya tatu. Kwa Kiswahili kiambishi cha kitenzi ndicho kingetuambia: "katibu na mweka hazina amejiuzulu" ni mtu mmoja, "wamejiuzulu" ni wawili. Kiingereza kinatoa siri hiyo mapema zaidi, kwenye "the". "The secretary and treasurer" ikiwa na "the" moja inaashiria mtu mmoja mwenye kofia mbili: "The secretary and treasurer has resigned." Ukirudia "the", umewatenganisha: "The secretary and the treasurer have resigned." Wewe uliandika "the" moja na "have", yaani mwanzo wa sentensi unasema mmoja na mwisho unasema wawili. Msomaji asiyekuwepo kikaoni atabaki anajiuliza nafasi ngapi ziko wazi. "My" na "a" zinafanya kazi hiyohiyo: "My friend and adviser is here" ni mmoja, "My friend and my adviser are here" ni wawili. Fungua orodha ya viongozi uone ni jina moja au mawili, ndipo urekebishe.

Kuna "and" nyingine inayozaa umoja, ya vitu viwili vilivyozoeleka kuwa kimoja. Vitabu hupenda "bread and butter is". Lakini Mswahili ana kipimo chake mwenyewe, na kiko kwa mama ntilie. Angalia tunavyoagiza: wali maharage, ugali samaki, chipsi mayai. "Na" tumeitupa! Hatuagizi "wali na maharage", kwa sababu kinacholetwa ni sahani moja yenye bei moja. Basi pale ambapo ungeitupa "na" kwa Kiswahili, Kiingereza nacho hukubali umoja: "Rice and beans is 2,500 shillings a plate." Ukitoka hapo ukaenda dukani, mchele uko kwenye gunia lake na maharage kwenye lake, kila kimoja na bei yake, hivyo unasema "Rice and beans have become expensive this month." Maneno ni yaleyale matatu, vitenzi viwili tofauti, na vyote sahihi. Kinachoamua ni kama msemaji anaona sahani au magunia.

Usiipanue kanuni hii kiholela, lakini. Meza na viti havijawa kitu kimoja kwa sababu vinauzwa pamoja. Ukisita, weka wingi.

Majina rasmi yanafuata mantiki hiyohiyo. Trinidad na Tobago ni visiwa viwili lakini ni nchi moja: "Trinidad and Tobago is in the Caribbean." Mfano mzuri zaidi tunao hapa kwetu. Ukiandika historia ya Aprili 1964 utasema "Tanganyika and Zanzibar were two states", kwa kuwa zilikuwa nchi mbili. Baada ya tarehe 26 ya mwezi huo ikazaliwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, jina lililodumu hadi Oktoba mwaka huohuo lilipobadilishwa kuwa Tanzania. Kwa Kiingereza: "The United Republic of Tanganyika and Zanzibar was renamed in October 1964." Hapo "and" bado ipo, na nyuma yake kuna "was". Kwa nini? Kwa sababu aliyekalia kiti cha kiima ni "Republic". Tanganyika na Zanzibar ziko nyuma ya "of", zinaeleza ni jamhuri ya nini.

Hilo la "of" lishike sana, maana ofisini linatokea kila wiki. "The price of fuel and spare parts have gone up" ni kosa. Kilichopanda ni "price", moja: "has gone up". Ukitaka wingi, ufanye wingi pale kwenye kiti: "The prices of fuel and spare parts have gone up."

"Every" na "each" zikitangulia, zinaifunga mdomo "and". "Every member and guest has signed the book." "Each driver and conductor was given a uniform." Maneno hayo yanamchukua mmoja mmoja, kama mtu anayegawa tiketi mlangoni, hivyo kitenzi kinamwona mmoja kila mara. "Each" ikija nyuma ya majina haina nguvu hiyo tena: "The driver and the conductor each have a uniform."

Tufike kwenye sentensi yako ya pili. "Or" na "nor" hazijumlishi, zinachagua. Wote wawili wakiwa umoja, kitenzi ni umoja: "Either the accountant or the cashier has the key." Wote wakiwa wingi, ni wingi. Wakichanganyika, mmoja umoja na mwingine wingi, kitenzi kinamfuata aliye jirani naye. Ule mvuto wa jirani tulioukataza kwenye "and" hapa ndiyo sheria yenyewe, na nadhani ndiyo maana watu huchanganya. Kwako jirani wa kitenzi ni "the drivers", hivyo "Neither the accountant nor the drivers have signed." Ukigeuza, "Neither the drivers nor the accountant has signed", kanuni imefuatwa, ila sikio linakwaruzwa. Kwa hiyo desturi ya waandishi wazuri ni kumweka wa wingi mwisho, na kwenye sentensi yako ulishafanya hivyo bila kujua. Kilichobaki ni kitenzi.

Jihadhari na ndugu yake wa karibu, "neither of". "Neither of the drivers has signed" ni umoja, kwa sababu kiima ni "neither" na madereva wako nyuma ya "of", palepale zilipokaa Tanganyika na Zanzibar.

Wenye "I" na "you" wakikutana na "nor", kanuni inakupa "Neither you nor I am responsible". Ni sahihi na ni mbaya kuisikia. Vunja sentensi: "You are not responsible, and neither am I."

"Not only … but also" inaenda na jirani pia: "Not only the drivers but also the accountant has complained." Ukimkataa mmoja na kumkubali mwingine, kitenzi ni cha aliyekubaliwa: "The chairman, and not the members, is to blame." Koma hizo mbili zisisahaulike. "Both … and" haina mjadala, ni wingi siku zote.

Mpaka hapa kiima kimetangulia. Kitenzi kikitangulia, jirani anabadilika: ni yule anayekifuata mara moja. Kwenye maswali ya "or" utaandika "Has the accountant or the drivers signed?" na "Have the drivers or the accountant signed?" Kwa "and" kanuni ya wingi inabaki vilevile, ila hapa ndipo makarani wengi huteleza kwenye barua pepe: "Attached is the report and the receipts." Mwandishi alianza na "is" kabla hajajua ataambatisha vingapi. Iwe "Attached are the report and the receipts." Njia rahisi ni kuandika vitu kwanza: "The report and the receipts are attached."

"There is" na "there are" ndipo hata walimu wanapobishana. "There is a table and two chairs in the office" husemwa na wazawa wa lugha kila siku, na waandishi wengi huikubali kwa kuwa cha kwanza kutajwa ni "a table". Msahihishaji mkali atadai "There are a table and two chairs", ambayo inafuata kanuni lakini inasigana, "are a". Usiingie kwenye ugomvi huo. Taja viti kwanza: "There are two chairs and a table in the office." Bosi hana pa kuzungushia. Na usidhani umoja wa namna hiyo ni uzembe wa vijana wa leo. Sala ya Bwana katika Biblia ya Kiingereza ya 1611 inasema "thine is the kingdom, and the power, and the glory": mambo matatu, na "is" imeshatangulia kwa kuufuata ufalme tu.

Kuhusu hesabu, "two and two is four" na "two and two are four" zote zinakubalika. Kiasi cha fedha au muda kinachochukuliwa kwa ujumla wake ni umoja hata kikiwa na "and" ndani: "Two hours and ten minutes is too long for a meeting." Lakini "minutes" ikiwa na maana ya muhtasari ni wingi daima, hata zikijaa nusu ukurasa: "The minutes were confirmed."

Habari njema kwa kazi yako ni kwamba Kiingereza hakionyeshi upatanisho kila mahali. Sisi tunabandika kiambishi cha kiima karibu kwenye kila kitenzi. Tunapumzika mahali pachache, kama kwenye "hu-", ndiyo maana "haba na haba hujaza kibaba" haijawahi kumfanya mtu aulize kama haba ni moja au mbili. Wao wanapumzika karibu wakati wote uliopita na kwenye "will", "must", "should", "can" na wenzao. "Signed", "resigned", "agreed", "did not attend" hazibadiliki, kiima kiwe mmoja au arobaini. Ukikwama, hamia huko: "The chairman, together with two members, did not attend." "Neither the accountant nor the drivers signed." Hakuna cha kusahihisha.

Na kwa kuwa mihtasari huandikwa kwa wakati uliopita, maneno ya kukutia mashakani ni manne tu: "was", "were", "has" na "have". Ukimaliza kuandika, bonyeza Ctrl na F, tafuta moja baada ya jingine. Kila linapong'aa, rudi nyuma kushoto mpaka uione nomino iliyokalia kiti, ukiruka kila kilicho nyuma ya "of" na "together with". Kwa muhtasari wa kurasa mbili ni kazi ya dakika tano au kumi, chai ikiwa bado ya moto.